Mazungumzo ya Mwalimu: Gitaa la Umeme na Jina la Nchi Yake



Jumapili ya juzi, baada ya chakula cha mchana, walinijia vijana watatu wa kwaya yetu ya hapa Lusangi. Walikaa barazani, wakanyamaza kitambo kama wafanyavyo watu wenye shauri zito, kisha mkubwa wao akasema: "Mwalimu, tumekuja utuamulie. Mfuko umetimia."

Nikafahamu mara moja. Tangu mavuno ya karanga ya mwaka jana kwaya hiyo yaweka akiba ya kununua gitaa la umeme. Akina mama wameuza mpunga, vijana wamepalilia mashamba ya watu, na mzee mmoja, asiyejua kuimba hata kidogo, ametoa majogoo wawili. Sasa fedha zipo, nao wamegawanyika. Wa kwanza ataka gitaa la Japani wala hataki kusikia habari za nchi nyingine. Wa pili ameambiwa na shemeji yake wa Bukavu ya kuwa magitaa ya Korea ndiyo yadumuyo. Wa tatu ndiye mwenye kushika daftari la hesabu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba fedha zile hazifiki dola 300, na kwa bei hiyo watapata la China tu. "Lakini, Mwalimu, la China si takataka?"

Sikuwajibu siku ile. Nina deni langu katika jambo hili, na afadhali nilikiri mbele yenu kabla sijajifanya mjuzi. Miaka sita iliyopita nilitumwa mjini na wazazi wa wanafunzi kununua gitaa kwa ajili ya ngoma za shule. Nililiona moja dukani, jekundu, linang'aa kama embe bivu. Sikuuliza neno, nikalipa. Jina lake silitaji, wala la duka lile. Kiangazi cha kwanza hakijaisha, ncha za vyuma vya shingoni zilikuwa zinawakata watoto vidole. Masika yalipoingia, shingo ilipinda kama upinde wa mwindaji, na nyuzi zikapanda juu hata ukizibana hupati sauti iliyo sawa. Leo mwili wake umening'inia nyuma ya mlango wangu. Kila mzazi aliyechanga huutazama akija kuniamkia, nami najua anachokitazama.

Basi tangu siku ile nimekuwa nikiyachungua magitaa ya watu, na kusoma habari zake kila nipatapo. Kwa hiyo haya nisemayo nimeyanunua kwa bei ghali.

Tuanze na hilo neno "la nchi fulani". Wazee wetu walioanza kupiga gitaa katika Kongo hawakuwa na la umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomnasa sauti Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, kijana yule alipiga gitaa la mbao tupu, na dunia nzima ikastaajabu vidole vyake. La umeme lilikuja Léopoldville mwaka 1953 pamoja na Bill Alexandre, Mbelgiji aliyefanya kazi ya kunasa nyimbo. Siku zile magitaa rahisi ya Afrika yalitoka Afrika ya Kusini, na lililojulikana sana ni Gallotone. Ndani yake lilibandikwa karatasi iliyoahidi ya kuwa halitapasuka. Msicheke: gitaa la namna hiyo ndilo alilokuwa nalo John Lennon wa Uingereza mwaka 1957, alipokuwa bado mvulana, na mwaka 1999 gitaa lake lile lilipigwa mnada London kwa zaidi ya paundi 100,000. Mbao zake zilikuwa za tabaka zilizobandikwa, zile tuitazo tripleksi.

Katika miaka ya 1960 gitaa rahisi la umeme lilikuwa kazi ya Ulaya: Egmond ya Uholanzi, Eko ya Italia, Framus ya Ujerumani. Na Japani je? Japani ndiyo iliyochekwa. Kiwanda cha FujiGen kilianzishwa mjini Matsumoto mwaka 1960, na mtu aliyenunua gitaa la Kijapani siku zile alilinunua kwa sababu hakuwa na fedha ya jingine. Lakini mafundi wale walijifunza. Walinakili magitaa ya Marekani kwa bidii kubwa, hata mwaka 1977 wenye Gibson wakawapeleka mahakamani wauzaji wa Ibanez kwa sababu ya kuiga umbo la kichwa. Mwaka 1982 Fender wenyewe, waliokuwa wakilia kwa hasara, wakaenda Japani na kuwapa FujiGen kazi ya kutengeneza magitaa ya jina la Squier. Wako watu hata leo wanaoyatafuta hayo ya miaka ya kwanza kama dhahabu.

Mishahara ya Japani ikapanda, na gitaa rahisi likahama. Likaenda Korea, kwa Samick na kwa Cort. Watu wakasema: "La Korea ni takataka." Miaka ikapita, Wakorea nao wakawa mafundi, mishahara yao ikapanda, gitaa likahama tena, safari hii Indonesia na China. Jina moja laweza kutuonyesha njia yote. Epiphone lilizaliwa New York. Gibson wakalinunua mwaka 1957. Mwaka 1970 kazi ikapelekwa Japani. Katika miaka ya 1980 ikaenda Korea. Na mwaka 2004 kikafunguliwa kiwanda chake mjini Qingdao, nchini China. Je, kijana akiniambia "Nataka Epiphone", ameniambia nini? Hajaniambia kitu bado.

Kuhama huko kuna gharama yake, nayo haiandikwi kwenye kichwa cha gitaa. Mwaka 2007 wenye Cort walifunga viwanda vyao vya Korea na kazi ikabaki Indonesia na China. Wafanyakazi waliofukuzwa, wengine wao watu wazima waliokuwa wamepiga msasa shingo za magitaa nusu ya maisha yao, waliandamana na kulala nje kwenye mahema mwaka hata mwaka, wakajifunza kupiga yale magitaa waliyoyatengeneza bila kujua kuyapiga, wakaunda bendi. Mapatano yalipatikana Aprili 2019. Miaka kumi na miwili! Nilipowasimulia vijana wa kwaya habari hiyo, yule mpenda Korea aliuliza polepole: "Basi hilo la shemeji ni la lini?" Ni la zamani, mwanangu. Korea bado wanatengeneza magitaa mazuri, lakini si kwa mfuko wetu. Japani vilevile. Ukiona sokoni gitaa jipya la dola 200 lililoandikwa kuwa limetengenezwa Japani, usishangilie, tafuta aliyeandika.

Kwa hiyo mbele yetu zimebaki China na Indonesia. Hapo ndipo mwenye daftari aliinua kichwa.

Iweni na subira nieleze jinsi kiwanda kinavyofanya kazi, kwa maana wengi hudhani Mchina amelala na Mjapani ameamka. Kiwanda cha China au cha Indonesia hutengenezea majina mengi chini ya paa moja. Mwenye jina huja na kuagiza: nipe mbao hizi, funguo hizi, na saa kadhaa za kazi ya mkono. Mashine hukata mwili na shingo kwa usahihi ule ule kwa gitaa la dola 100 na la dola 600. Tofauti ni kazi ifanywayo baada ya mashine: kuvisawazisha vile vyuma vilivyolala shingoni, viitwavyo freti; kuzipiga tupa ncha zake; kuchonga mifereji ya nyuzi kwenye kile kidaraja cha juu karibu na kichwa. Hiyo ni kazi ya vidole na macho, huchukua muda, na muda ndio wa kwanza kupunguzwa mtu akitaka bei ndogo. Kisha hupunguzwa uzito wa funguo za kukazia nyuzi, kisha swichi na vifundo vya sauti. Mbao za mwili ndizo za mwisho, ingawa ndizo ambazo wauzaji huzipigia kelele.

Mimi nimeyashika magitaa saba ya bei ya namna hii, matatu ya Indonesia na manne ya China. Kwa bei iliyo sawa, yale ya Indonesia yalikuwa na freti laini zaidi. Yamaha Pacifica ya huko, yenye shingo ya skrubu, ndiyo iliyonipendeza kuliko yote. Katika yale ya China moja lilikuwa jema kabisa, Squier lisilo na kosa ila funguo zake kulegea kidogo. Mawili yalikuwa ya wastani. Na moja lilikuwa ndugu wa lile la nyuma ya mlango wangu. Saba si hesabu ya kujengea sheria. Lakini yanatosha kunionyesha ya kuwa kati ya la China jema na la China baya kuna umbali mkubwa kuliko kati ya China na Indonesia.

Sasa nije kwetu, kwa maana gitaa hili halitakaa dukani Bukavu wala Kalemie. Litafungwa nyuma ya pikipiki hata Kabambare na Kasongo, litaruka mashimo, litavuka mito juu ya miti miwili. Hapa jambo moja lapita mengine yote, nalo ni kichwa. Magitaa yaliyofuata umbo la Gibson yana kichwa kilichoinama nyuma. Mbao hukatwa kwa pembe pale pale shingoni ilipo nyembamba, na gitaa likianguka chali, kichwa hugonga chini kwanza na kuvunjika. Hata yale ya Marekani ya bei kubwa huvunjika hapo; mafundi wote wa dunia wanalijua kovu hilo. Tena mengi ya umbo hilo shingo imeunganishwa kwa gundi. Yale yaliyofuata umbo la Fender yana kichwa kilichonyooka na shingo iliyofungwa mwilini kwa skrubu nne. Ikiharibika, unafungua, unaitengeneza au unatia nyingine. Kwa bisibisi! Seremala yeyote wa hapa aweza. Kama ningekuwa naishi Brussels, pengine ningechagua lile jingine kwa uzuri wa sauti yake nene. Naishi Lusangi.

Jambo la pili ni hewa yetu. Nyuzi sita zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, karibu uzito wa mfuko wa saruji, usiku na mchana. Ndiyo sababu ndani ya shingo hutiwa ufito wa chuma wenye skrubu ya kukaza na kulegeza. Shingo hizi kwa kawaida ni za mti wa mepo wa nchi za baridi. Ikiwa mbao ilikaushwa kwa haraka, masika huinywesha unyevu ikavimba na kupinda. Kuanzia Juni mpaka Agosti hukauka na kujikunja, lakini chuma cha freti hakijikunji, nacho ndicho kinachotokeza nje na kukata vidole. Lile gitaa langu jekundu lilikuwa na ufito pia. Nilipojaribu kuukaza skrubu ilizunguka tu, haikushika kitu.

Basi mkiwa dukani, kabla ya kutazama rangi, lishikeni gitaa kama seremala ashikavyo ubao: jicho moja kichwani, litazame hata mwisho wa shingo. Likikunjamana kama barabara ya Kasongo wakati wa masika, lirudisheni. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja; katikati, kwenye freti ya saba, yapasa kubaki nafasi ndogo ya kupita kadi nyembamba. Nafasi ikiwa kubwa, mwambieni muuzaji ageuze skrubu ya ufito kidogo mbele ya macho yenu, nanyi mwone kama shingo inatii. Akikataa, mmekwisha pata jibu. Kisha pitisheni kiganja ukingoni mwa shingo, juu hata chini, pasipo haraka. Kisha pigeni kila uzi kwenye kila freti. Uzi ukifa au ukinguruma mahali pamoja, freti hazikusawazishwa. Kazi hii yaweza kuchukua nusu saa, na muuzaji atanuna. Mwacheni anune.

Kidaraja cha juu kikiwa cha plastiki laini kisiwasumbue. Kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukakaushwa na kupigwa tupa, fundi wetu anachonga kingine kwa siku moja, na ni bora kuliko cha kiwandani. Daraja la chini lenye mkono wa kutikisa na majira ya chuma nyuma likwepeni, kwa maana uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, mingine mitano yote hupoteza sauti yake. Wala msiogope mkiona ubao wa freti si wa rozwudi. Mti huo ni wa jamaa moja na mpingo, na mwaka 2017 mataifa yaliweka masharti makali juu ya biashara ya jamaa yote hiyo. Vyombo vya muziki vilivyokwisha tengenezwa vililegezewa mwishoni mwa 2019, lakini katika muda ule viwanda vilikuwa vimehamia miti mingine, na mingine hiyo haina kasoro.

Kuhusu umeme wenyewe sina maneno mengi. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa uzi mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa; uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo huzaliwa na kwenda kwenye kikuza sauti. Si uchawi. Mingiedi Mawangu wa Konono No. 1 kule Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza vyombo vya kunasa sauti vya likembe zake kwa sumaku za vipuri vya magari, akazunguka dunia navyo. Kwa hiyo kinachoharibika hapo chatengenezeka. Geuzeni vifundo vya sauti. Vikikwaruza kama mchanga, ombeni punguzo la bei. Ila kikuza sauti kisomeni nyuma: kitokacho Japani hutaka volti 100, kitokacho Marekani volti 120, na jenereta zetu hutoa 220. Vimekwisha ungua vingi katika nchi hii kwa sababu ya mtu kutosoma tarakimu tatu.

Yule wa Japani, ambaye alikuwa amenyamaza kwa hasira, aliuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, na la Kongo?"

Nilifurahi. Liko la Kongo. Kule Kinshasa fundi Misoko Nzalayala, ajulikanaye kwa jina la Socklo, ametengeneza magitaa kwa miaka mingi kwa mbao za nchi, na wanamuziki wameyapiga. Na Wajerumani wa Warwick, ambayo mwenyewe ni mwana wa yule wa Framus niliyemtaja, wametia shingo za wenge kwenye magitaa yao ya besi. Wenge ni mti wa misitu yetu na ya jirani zetu, mzito, usiopinda upesi. Mbao huondoka hapa kwa meli, hurudi ikiwa na jina la kigeni na bei tusiyoiweza. Lakini sitawadanganya: funguo, ufito na freti fundi wa Kinshasa naye hununua za kutoka nje, na kutoka Kinshasa hata Lusangi ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam. Kwa gitaa hili la kwanza sikuwashauri hivyo. Kwa la pili tutaona, kwa maana yule mwenye swali amechukua ile shingo iliyopinda ya gitaa langu, ameipima kwa rula freti kwa freti, na ameandika vipimo vyote kwenye daftari. Nilimwuliza ataifanyia nini. Akasema seremala, baba yake mdogo, ana kipande cha mbao ngumu alichokikausha darini miaka minne.

Tulikubaliana hivi: shingo ya skrubu, kichwa kilichonyooka, daraja lisilotikisika, la Indonesia likipatikana, la China likishinda majaribio. Wataenda wawili, mwenye daftari na mpigaji, wala hawatalipa pasipo wote wawili kulishika. Dola 30 zimetengwa kwa ajili ya nyuzi za akiba, maana uzi wa breki ya baiskeli hutoa sauti, lakini huzila freti kama msumeno. Wanaondoka Jumatatu na mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Yule mzee wa majogoo amewapa turubai lake la kulifungia.